Anyonyeshaye Hana Sumu

Jumamosi, 2 Machi

Gazeti limetoka. Ukurasa wa tano, safu yangu "Mwiba", na picha yangu juu yake (ile ya zamani, enzi za nywele). Kichwa cha habari: ANYONYESHAYE HANA SUMU. Maneno mia nane ya moto mtupu. Nimeisoma mara nne. Mara ya tatu nilitokwa na chozi.

Hoja yangu ni hii. Nyoka ana sumu kwa sababu hakunyonya. Nge vilevile. Nyuki, tandu, nyigu, wote mayatima wa maziwa. Bali kila kiumbe anyonyeshaye, tangu popo hadi tembo, hana hata tone la sumu mwilini mwake. Maumbile yenyewe yamemheshimu mama. Nani atabisha?

Niandike ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Makala hii nimeiandika kwa sababu ya mama mkwe. Yuko kwetu wiki ya tatu sasa. Jumapili iliyopita nilimwambia mke wangu jikoni, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mama yake ana sumu ulimini. Sauti yangu ya chini husikika hadi barabarani. Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia, anakunja nguo. Akakunja na za kwake, akazitia sandukuni. Mke wangu akasema mama akitoka na yeye anatoka, na sufuria zote. Nikaahidi kuomba radhi mbele ya wasomaji wa mji mzima.

Radhi imepokewa! Mama mkwe ameikata makala kwa mkasi na kuibandika ukutani sebuleni, juu ya picha yetu ya harusi. Nimefunikwa hadi kidevuni. Akasema, "Leo, baba, umenena." Sanduku limefunguliwa.

Doa moja tu. Msahihishaji wetu, yule mwanamke tunayemwita Kalamu Nyekundu, Alhamisi alichora alama ya kuuliza pembeni mwa maneno yangu "hata tone". Kubwa kama ndoano ya kuvulia papa. Niliuchana ukingo wa karatasi kabla haijaenda kwa mpiga chapa. Nikautafuna. Karatasi haina ladha.


Jumatatu, 4 Machi

Mungu wangu!

Nimeingia ofisini nikipiga mluzi. Juu ya meza yangu, kitabu. Kizito, jalada gumu, kimefunguliwa, na katikati yake rula ya Kalamu Nyekundu imelala kama maiti. Picha: mnyama wa ajabu wa nchi za mbali. Mdomo wa bata, mkia kama kasia, manyoya ya fuko. Anaitwa kinyamadege. Ananyonyesha.

Na ana sumu.

Nimesoma nimesimama. Nimesoma nimekaa. Dume ana mwiba kwenye kila mguu wa nyuma, karibu na kifundo. Mwiba una tundu, na tunduni inapita sumu. Ukichomwa, mkono unavimba, maumivu yanakaa wiki kadhaa, na dawa kali za hospitali hazifui dafu. Mwiba! Jina la safu yangu! Mnyama ambaye hata hajui kusoma.

Kalamu Nyekundu alikuwa ananitazama juu ya miwani yake. Mwanamke wa umri wangu, kimya, hujibu kila kitu kwa penseli. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema aliniambia, ila niliyala maelezo yake. Kumbe aliona.

Mhariri akaniita. Mtu mpole, hupenda kusema mambo mabaya huku akikoroga chai. Akasema, "Ndugu yangu, hili litakuwa la tatu."

La tatu! Nieleze. Pale kwenye kona ya chai pana ubao, juu yake pameandikwa TUMEKOSEA. Ukikosea gazetini, sahihisho lako linabandikwa hapo kwanza, wenzako walisome wakikoroga sukari, kisha linachapwa chini ya picha yako. Masahihisho matatu katika mwaka mmoja, safu inakufa. Mwaka huu una wiki tisa tu, nami ninayo mawili. La kwanza, kwamba nyangumi ni samaki. (Anaishi majini. Anaogelea. Wanataka nini zaidi?) La pili, kwamba buibui ana miguu sita. Nilihesabu mwenyewe! Kumbe yule wa bafuni kwetu alikuwa amepoteza miwili.

Na kanuni hii nani aliitunga? Mimi. Miaka kumi na moja iliyopita nilipiga meza kikaoni mpaka vikombe vikaruka, nikaiandika kwa mkono wangu mwenyewe, vifungu vinne, ukurasa mzima, ili tumwondoe mtabiri wa nyota aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko yangu, ukurasa wa tatu. Alikwisha ndani ya miezi miwili. Sikufikiri kwamba kanuni huishi muda mrefu kuliko watabiri.

Kikao cha ubao ni Ijumaa, saa sita mchana.

Miaka kumi na tisa ya "Mwiba"! Bila safu hiyo mimi ni nani? Mtu mzima mwenye hasira asiye na ukurasa. Mtaani kwetu pekee wapo saba.

Kalamu Nyekundu alinifuata mlangoni, akataka kuniambia jambo kuhusu hiyo kanuni. Nilimkata kauli. Nikamwambia kanuni naijua, mimi ndiye niliyeizaa.

Kuungama? Kamwe. Nikiungama kwamba anyonyeshaye ana sumu, ni sawa na kurudi jikoni kumtukana mama mkwe upya, safari hii kwa nakala elfu sita.


Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Mzuri mno, karibu nijipongeze kwa barua.

Ushahidi uko vitabuni. Basi niviondoe vitabu! Nimekwenda maktaba asubuhi, nikaazima kila kitabu cha wanyama wenye kunyonyesha. Kadi moja hutoa vitabu vitatu. Nilikuwa na kadi yangu, ya mke wangu, na ya mama mkwe (mke wangu alimkatia wiki iliyopita ili apate pa kwenda). Vitabu tisa. Mkutubi akaniuliza kama ninafungua bustani ya wanyama. Nikamjibu kwamba ninaifunga.

Nimevibeba hadi nyumbani, mgongo unauma. Kisha nikafanya kosa. Nikavisoma.

Nimeshtuka. Nimeshtuka kiasi kwamba mke wangu aliniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Kirukanjia! Kile kidude chenye pua ndefu, kidogo kuliko kidole gumba! Ipo aina yake huko ng'ambo yenye sumu katika mate. Anamng'ata konokono, anamng'ata mnyoo, hata panya. Hamuui. Anampoozesha! Kisha anamburuta shimoni na kumweka akiba, mzima, macho wazi, siku nyingi, ili nyama isiharibike. Nilifunga kitabu. Nikafungua jokofu kunywa maji, nikamwona kuku amelala pale, nikalifunga na jokofu.

Yupo mwingine wa visiwa vya mbali, pua kama mpira wa kumwagilia bustani, mwenye mfereji kwenye jino la chini. Mfereji! Sumu inatiririka humo kama maji ya mvua.

Popo wa kunywa damu. Anachanja ngozi kidogo tu, aliyelala hasikii. Mate yake yanaizuia damu isigande, naye anailamba kwa raha zake. Nami niliandika "tangu popo hadi tembo". Popo ameniangusha. Tembo bado ni wangu.

Lakini huyu wa mwisho! Loris. Ndugu wa komba. Mtoto ukimwonyesha atamwombea ruhusa ya kulala naye: macho duara, vidole vya mtoto mchanga, mwendo wa taratibu kama anayetafuta miwani. Upande wa ndani wa kiwiko ana tezi ya mafuta. Akitishwa, anainua mikono juu ya kichwa kama aliyekamatwa na polisi, anailamba tezi, anachanganya na mate, na anang'ata. Nyama inaoza! Sura ile! Nimewaamini watu wengi maishani kwa sababu ya sura kama ile.

Na jambo la kutia kinyaa kuliko yote: wanamchoma nani? Adui? Hapana. Kinyamadege dume sumu yake humjaa msimu wa kutafuta majike, na anayedungwa ni dume mwenziwe. Loris naye wengi anaowang'ata ni maloris wenzake. Silaha yote hiyo, kazi yake kumaliza majirani! Aibu iliyoje. Ningeandika makala, kama si hali yenyewe.

Vitabu nimevificha nyuma ya kochi.


Jumatano, 6 Machi

Mipango miwili leo. Yote miwili imeanguka kabla ya chai ya pili.

Kwanza nilikwenda kwa daktari wa mifugo. Tulisoma pamoja, namdai fadhila nyingi, ingawa yeye huzikumbuka kinyume. Nilimtaka anipe barua yenye mhuri kwamba wanyonyeshao hawana sumu. Akaandika bila kuinua macho, mkono mwingine ukiwa ndani ya ng'ombe. Nilikimbia na bahasha hadi kwa Mhariri bila kuifungua. Mhariri akaisoma kwa sauti: anathibitisha kwamba ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda aliowatibu hawana sumu, kuhusu mleta barua hii hajafanya uchunguzi.

Mhariri alicheka hadi akamwaga chai. Mhuri ulikuwa na kinyesi.

Mpango wa pili ulikuwa wa kisomi. Nilisimama kwenye kona ya chai, watu wote wapo, nikasema: kinyamadege hutaga mayai! Atagaye mayai si mnyonyeshaji! Kesi imekwisha!

Kalamu Nyekundu akatia sukari. Akasema anataga, ndiyo, na wakiangua anawapa maziwa. Nikamuuliza kwa chuchu ipi. Akasema hana, maziwa yanatoka kwenye ngozi kama jasho, watoto wanalamba manyoya. Hapo niliona mlango uko wazi, nikaingia na kichwa. Nilinguruma: bila chuchu hakuna kunyonya, na bila kunyonya hakuna kunyonyesha, nionyesheni chuchu! Chuchu iko wapi? Nipeni chuchu moja tu nami nitanyamaza!

Nikageuka. Nyuma yangu walikuwa wamesimama wageni wawili wa kampuni ya sabuni, waliokuja kuweka tangazo la ukurasa mzima. Mmoja alikuwa mama mtu mzima. Aliukumbatia mkoba wake kifuani.

Wameondoka. Mhariri hakukoroga chochote kwa dakika tano nzima.

Kalamu Nyekundu alinijia baadaye mezani na kuanza tena, "Kile kifungu cha nne..." Nikamwambia aende na vifungu vyake, mimi ninapigana vita. Akasema anaona, ila hajui ninapigana na nani, maana miaka kumi na tisa "Mwiba" haujamchoma waziri hata mmoja: umemchoma mtabiri wa nyota, mchora vikatuni, mwandishi wa michezo na mpishi wa kantini. Akasema hata mahali mwiba unapoota ni palepale, kisiginoni, kwa kupigia walio nyuma yako.

Sikuelewa alichomaanisha. Wivu, bila shaka.


Alhamisi, 7 Machi

Fikra kubwa huja mtu akiwa bafuni. Yule buibui wa miguu sita alikuwepo, shahidi.

Maneno yameshindwa. Sasa ni vitendo! Nitakamata kirukanjia. Nitampeleka kikaoni. Nitatia kidole changu mdomoni mwake mbele ya watu wote. Ataning'ata. Nami nitasimama wima, mzima, natabasamu. Sumu iko wapi? Nani atabishana na kidole?

Stoo yetu ina vijidude, usiku kucha vinakwaruza mbao. Nilitega kopo tupu la maziwa ya unga, na ndani kipande cha nyama. Mke wangu akauliza nyama ya mchuzi imekwenda wapi. Nikamwambia imekwenda kutetea heshima ya mama yake. Akanitazama kama mtu anayetafuta nafasi ya kuweka sufuria kwenye gari.

Saa kumi na moja jioni, kishindo! Kopo linacheza! Nimefunika na kutoboa matundu ya hewa kwa msumari. Nimechungulia: manyoya ya kijivu, jicho moja, hasira nyingi. Nilimpenda papo hapo.

Nimetoka stoo kifua mbele, nimeingia sebuleni, na damu ikaniganda. Popo gani angeweza kuizuia?

Mama mkwe amekaa kochini. Miwani puani. Miguu juu ya kigoda. Magotini kitabu, kingine ubavuni, kingine chini ya kikombe. Alikuwa anatafuta sindano yake ya kushonea nyuma ya kochi.

Nilimuuliza anasoma nini. Akasema, "Wanyama." Nikamuuliza wanyama gani. Akasema, "Wengi." Akalowesha kidole ulimini (ulimini!), akafunua ukurasa. Nikaona macho duara. Loris. Akasema, "Mhm."

Nimeoa miaka ishirini na mbili. "Mhm" ya mama mkwe naijua. Ile ya kwanza ilikuwa siku nilipokwenda kuposa.

Akamalizia kwa kuutazama ukuta, pale alipobandika makala yangu. Muda mrefu. Kisha kitabu. Kisha ukuta. Nimekula chakula cha jioni nimesimama.


Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinakwenda zinakotaka.

Saa nne asubuhi niliwakusanya wote kwenye kona ya chai. Mhariri, mpiga picha, mwandishi wa michezo, mtu wa matangazo (bado hanisemeshi), na Kalamu Nyekundu na kitabu chake. Niliweka kopo mezani. Nikatoa hotuba. Nilisema wako watu wa vitabu na wako watu wa vidole. Nilisema kabla ya saa sita ukweli utakuwa umesimama peke yake. Nikafungua kifuniko, nikatia kidole cha shahada.

Yesu na Maria na malaika wote!

Hakuning'ata. Alinitafuna! Nilipiga ukelele ambao mpiga chapa, ghorofa ya chini, na mitambo ikiwa inanguruma, aliusikia akazima mitambo. Nilichomoa mkono, yeye akaja nao, ananing'inia. Nikazunguka. Akaruka, akapita juu ya biskuti, akaingia kwenye kabati la picha za zamani, na mpaka sasa hajatoka.

Kalamu Nyekundu alikuwa wa kwanza kusema. Alisema kwa upole, jambo linalouma zaidi: kirukanjia ana pua ndefu iliyochongoka na macho madogo kama mbegu za haradali. Yule alikuwa panya. Panya wa kawaida, tena bado mdogo. Na hata angekuwa kirukanjia, akaongeza, si kila kirukanjia ana sumu. Kitabu kinataja aina chache tu, za mbali. Kwa hiyo nilikuwa nimetoboa kidole kuthibitisha jambo ambalo hakuna aliyelibisha: panya anang'ata.

Kidole kikaanza kuvimba. Saa tano nilikuwa zahanati. Muuguzi akaniuliza nimeng'atwa na nini. Nikasema siasa. Akaandika "panya". Akaosha, akanichoma sindano mahali ambapo sitapataja, akafunga mkono mzima, bandeji juu ya bandeji, hadi ukawa kama mtoto aliyefungwa nepi.

Nilipoinua macho, walikuwa wamekaa benchini, wawili, bega kwa bega. Kalamu Nyekundu, aliyenileta. Na mama mkwe, aliyepigiwa simu kwa kuwa mke wangu yuko kazini. Juu ya magoti yake, kitabu cha loris.

Kalamu Nyekundu akatoa karatasi iliyokunjwa. Ya kahawia kwa uzee, matundu ya pini kwenye pembe nne. Kanuni ya ubao, nakala halisi. Akasema amejaribu tangu Jumatatu, sasa nisome mwenyewe, mdomo nikiwa nimeufunga. Kifungu cha nne. Mwandiko wangu!

"Kosa litakaloungamwa na mwandishi mwenyewe, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, halitahesabiwa."

Nilikuwa nimejiwekea mlango wa nyuma! Miaka kumi na moja iliyopita, kwa akili yangu mwenyewe, kwa kuwa nilijijua. Nikausahau. Ningeungama Jumatatu asubuhi kwa mistari miwili na kwenda kunywa chai. Vitabu tisa, daktari, chuchu, kidole, vyote vya nini?

Saa ya ukutani: saa sita kasoro dakika ishirini na mbili. Na mkono wangu wa kuandikia uko ndani ya nepi.

Na mama mkwe anasikiliza.

Nilijikaza. Nikamwambia mama, samahani, ile makala... Akaninyamazisha kwa kidole. Akasema ameshavisoma vitabu sita, cha saba anakimalizia. Akafungua ukurasa uliowekewa alama ya uzi wa kushonea. Mama loris, akasoma, huwalamba wanawe kwa mate yale yenye sumu, kisha huwaacha tawini na kwenda kutafuta chakula. Anayepita akinusa, anaondoka zake. Akakifunga kitabu. Akasema, "Hivyo ndivyo nilivyomlea binti yangu. Akapita mmoja asiyenusa."

Kalamu Nyekundu akageuka kutazama bango la chanjo. Mabega yalikuwa yanatetemeka.

Nikauliza, kwa hiyo hakukasirika. Mama mkwe akasema alikasirika, kwa sababu nilisema ulimi kama vile ni jambo la aibu. Sumu si aibu, sumu ni ya kulinda. Nilikosea kiungo tu. Akajipiga kiwiko. "Ni hapa, baba." Kisha akamwomba muuguzi kalamu.

Nikaungama kwa sauti, yeye akaandika. Kwamba wapo wanyonyeshao wenye sumu. Kwamba kinyamadege ana mwiba, kirukanjia wa ng'ambo ana mate, popo fulani anazuia damu isigande, loris ana kiwiko. Kwamba nilikosea. Neno hilo alinifanya nilirudie mara mbili, akisema hakusikia vizuri.

Lakini mtu hawezi kuondoka uwanjani bila panga lake! Niliongeza sentensi moja ya mwisho, ya heshima. Kalamu Nyekundu aliisoma, akasimama, akafungua mdomo, akainua penseli. Nikapiga kelele kwamba hakuna muda, asiguse hata nukta, akimbie! Alinitazama. Akatazama saa. Akasema sawa.

Amekimbia, na viatu vya kisigino. Karatasi ilibandikwa ubaoni saa sita kasoro dakika mbili. Halihesabiwi! "Mwiba" uko hai!

Nimelia kidogo. Muuguzi alidhani ni sindano.


Jumamosi, 9 Machi

Gazeti limetoka. Sahihisho liko chini ya picha yangu, kila neno. Mama mkwe ameibandua makala ya zamani. Nimeiona tena shingo yangu ya harusi. Mahali pake ameweka mchoro wa loris aliounakili mwenyewe kwa penseli, mikono juu. Ameahirisha kuondoka. Anasema hapa kuna vitu vya kusoma. Mke wangu amerudisha sufuria kabatini. Mimi mkono unawasha, ni dalili ya kupona. Kila kitu shwari.

Saa tano, mlango ukagongwa. Mjumbe wa ofisi, bahasha nzito. Kutoka kwa Kalamu Nyekundu. Nilidhani ni pongezi!

Kitabu. Rula katikati. Picha: njiwa.

Ile sentensi yangu ya mwisho, ya heshima, ilisema hivi: "Hata hivyo, jambo moja halina ubishi mbinguni wala duniani: hakuna ndege atoaye maziwa."

Njiwa anatoa maziwa! Njiwa! Yule anayeketi dirishani kwangu kila asubuhi na sura ya mtu asiye na siri! Yanatengenezwa kwenye mfuko wa chakula ulio shingoni, mazito kama jibini, na makinda yanayapata kwa kutia midomo kooni mwa mzazi. Na si jike tu. Dume! DUME ANATOA MAZIWA! Nimesoma mara tatu. Nimejitazama kioo, nikafunga vifungo vya shati.

Ndani ya bahasha pana kijikaratasi cha Mhariri. Anasema pole na mkono. Anasema hili ni kosa jipya, la wiki mpya, nami nina nafasi hadi Ijumaa saa sita kuliungama. Mistari miwili inatosha, ndugu yangu, mistari miwili tu. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Kifungu cha nne."

Kuungama! Mara mbili ndani ya siku nane! Watu watasema nini? Leo njiwa, kesho wataniambia tembo.

Hapana. Maziwa ni nini? Tuanzie hapo. Kitu kisichotiwa kwenye chai hakiwezi kuitwa maziwa. Nani amewahi kunywa chai ya njiwa? Daktari wa mifugo atanipa barua. Na njiwa mwenyewe nitamkamata, lile kopo la maziwa ya unga ni dogo, nitatumia ndoo.

Mchana nimerudisha vitabu tisa maktaba, nikaazima vyote vya ndege. Kadi tatu, vitabu tisa. Mkutubi hakuuliza kitu. Safari hii sijavificha nyuma ya kochi, mimi si mjinga. Viko chini ya kitanda cha mama mkwe.

Taa yake bado inawaka. Nimesikia karatasi ikifunuliwa.

"Mhm."